Gunia la Juu Ndilo Litokalo Kwanza

Nyota, mia moja hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli. Mwenye laini ya Vodacom pale Kizota, magharibi mwa Jiji la Dodoma, huibonyeza namba hiyo huku anaongea na mtu mwingine. Menyu inafunguka, anachagua 1, anaandika namba ya simu ya anayemtumia, kiasi, namba ya siri, kisha 1 tena kuthibitisha. Ile 1 ya kwanza ilimaanisha tuma pesa. Hii ya mwisho inamaanisha ndiyo, kata pesa zangu. Mtambo haukuchanganyikiwa, kwa sababu hauangalii alama peke yake. Unaangalia alama iliyoingia na hatua uliyofikia, na vitu hivyo viwili vinatosha kuamua hatua inayofuata.

Mtambo wa namna hiyo huitwa otomata yenye hali zenye ukomo. Una idadi maalumu ya hali, mishale inayotoka hali moja kwenda nyingine, mahali pa kuanzia na mahali pa kumalizia. Hauna daftari la kuandikia mambo ya nyuma. Ukirudi kwenye menyu kuu mara elfu, hautajua kuwa umerudi mara elfu. Utajua tu kuwa uko kwenye menyu kuu. Umaskini huu wa kumbukumbu ndio msingi wa sura hii, maana sehemu kubwa ya Kiswahili inaweza kuchambuliwa na mtambo maskini kiasi hicho.

Nadharia tunayoizungumzia hutazama lugha kwa jicho kavu kabisa. Kwake, lugha ni mkusanyiko wa mifuatano ya alama, na swali ni moja: mfuatano huu umo au haumo? Maana inawekwa kando. Namba za magari ya Tanzania ni lugha ya aina hiyo: herufi T, tarakimu tatu, herufi tatu. T 123 ABC imo, ABC 123 T haimo, na hakuna haja ya kujua gari ni la nani. Namba ya kitambulisho cha NIDA nayo ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Anayeandika mwezi wa 13 hukataliwa kabla hata jina lake halijatafutwa. Sarufi, kwa jicho hili, ni maelezo mafupi yenye ukomo ya mkusanyiko ambao pengine hauna ukomo.

Habari yenyewe ilianzia mbali na lugha. Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts, wakiwa Marekani, walichora mfano wa kihisabati wa neva za ubongo. Mwaka 1951 mwanamantiki Stephen Kleene aliuchukua mfano huo akauliza ni mifuatano ipi ambayo mtandao kama ule unaweza kuitambua. Jibu lake, lililochapwa mwaka 1956, lilikuwa jepesi kushangaza: ile tu inayojengwa kwa kuunganisha, kuchagua na kurudia. Kurudia alikuandika kwa nyota, na mpaka leo watu wa kompyuta huiita nyota ya Kleene. (Nyota ya *150*00# haina undugu nayo; ile ni kitufe tu.) Mwaka 1968 Ken Thompson alionyesha namna ya kugeuza maandishi ya Kleene kuwa programu ya kutafuta maneno ndani ya matini. Kila unapotafuta neno kwa alama za kubahatisha kwenye kompyuta, unatumia kazi ya hao watu wawili.

Sasa tuje nyumbani. Chukua kitenzi "pika". Mbele yake weka kiambishi cha nafsi: ni, u, a, tu, m, wa. Kisha cha wakati: na, li, ta, me. Kisha, ukipenda, cha mtendwa: ni, ku, m, tu, wa, wa, kwa kuhesabu "wa" mara mbili kwa kuwa hutumika kwa "ninyi" na kwa "wao". Kisha mzizi, kisha irabu ya mwisho. Mchoro mzima una hali sita na mishale 19, ukiuhesabu na ule wa kuruka nafasi ya mtendwa. Lakini njia za kupita ndani yake, kutoka mwanzo hadi mwisho, ni 6 mara 4 mara 7, yaani 168. Hizo ni za mzizi mmoja, kwa ngeli moja, bila kukanusha, bila kurejesha, bila "pikia", "pikiwa", "pikisha" wala "pikishana". Ongeza ngeli zote na minyambuliko yote, utapata maumbo ambayo hakuna kamusi itakayothubutu kuyachapa. Ndiyo sababu vikagua tahajia vilivyoundwa kwa orodha ya maneno huweka mstari mwekundu chini ya Kiswahili safi. Orodha haitoshi, na haitatosha hata ikirefushwa namna gani. Kinachotakiwa ni mchoro.

Mtu atasema kuwa kitenzi chetu kina ujanja ambao mchoro hauwezi kuushika. Tuujaribu mmoja. "Anapika" ikikanushwa huwa "hapiki", na irabu ya mwisho hugeuka i kwa sababu ya "ha" iliyosemwa mwanzoni kabisa. "Hatapika" na "hakupika" hubaki na a. Mtambo usio na daftari utakumbukaje, ukifika mwisho wa neno, kwamba mwanzoni ulipita "ha" na katikati haukukuta kiambishi cha wakati? Utakumbuka kwa kugawanya njia. Ukishapita "ha" unaingia upande wa pili wa mchoro, wenye hali zake, na upande huo ukikosa wakati unatokea kwenye i. Kumbukumbu hapa ni mahali ulipo. Vitenzi vya asili ya Kiarabu kama "samehe" na "fikiri", visivyobadili irabu, hupewa njia yao. Vile vya silabi moja, vinavyosema "anakula" lakini "hali", hupewa nyingine. Mchoro unanenepa, lakini bado una ukomo.

Upatanisho wa kisarufi nao uko hivyo hivyo, na Kizota ina ushahidi wake. Katika ukumbi wa hapo Chama cha Mapinduzi kilifanya mkutano wake mkuu wa Novemba 2012, na yeyote aliyewahi kusikia mikutano ya chama anaujua mwito wake. "Kidumu Chama cha Mapinduzi!" Ukumbi hujibu: "Kidumu!" Enzi za Mwalimu ulikuwapo na ule wa "Zidumu fikra za Mwenyekiti!", na jibu lake "Zidumu!" Umati haurudishi sentensi nzima. Unarudisha kiambishi na mzizi, basi: "ki" kwa chama, "zi" kwa fikra. Kwa kuwa idadi ya ngeli ina ukomo, mjumbe anahitaji kukumbuka kitu kimoja tu kati ya vichache, na otomata inaweza kuketi naye kwenye benchi ikajibu bila kukosea. Kubeba ngeli moja ni kazi nyepesi. Mambo hugeuka zinapokuwa nyingi kwa wakati mmoja.

Kabla ya kufika huko, nieleze kwamba haya si ndoto za ubaoni. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitoa tasnifu iliyoeleza mfumo wa ngazi mbili: juu kuna umbo la ndani la neno, chini kuna umbo linalotamkwa, na kati yake kuna otomata zinazosoma ngazi zote mbili kwa pamoja. Kwa Kiswahili ngazi ya juu inaweza kuwa "a-na-mu-ona" na ya chini "anamwona". Juu "ma-ino", chini "meno". Juu "n-refu", chini "ndefu". "Pika" huzaa "pikia" na "soma" huzaa "somea", kwa kuwa irabu ya mzizi huchagua irabu ya kinyambuo. Sheria zote hizi hutazama jirani wa karibu au irabu iliyopita, na kwa hiyo zinatosha kwenye mtambo maskini. Kwamba sheria za matamshi kwa jumla ziko hivi lilikwisha kuonyeshwa na C. Douglas Johnson mwaka 1972, ingawa kwa miaka mingi watu hawakumsikiliza.

Aliyeuleta mfumo huo kwenye Kiswahili ni mwenzake Koskenniemi wa hapo hapo Helsinki, Arvi Hurskainen, mtaalamu wa anthropolojia aliyekuwa amefanya utafiti Tanzania miongoni mwa wafugaji wa Kiparakuyo. Kazi yake aliianza katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1992 alichapisha maelezo ya kichambuzi kilichoweza kulipasua neno la Kiswahili na kutaja kila kiambishi. Kilikua na kuwa mfumo mzima uitwao SALAMA, na ndicho kilichoweka lebo kwenye Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo toleo lake la pili lina takriban maneno milioni 25. Nafikiri kazi hii haijapewa heshima inayostahili kwetu. Mtu mmoja mwenye sarufi kichwani, akitumia mashine za miaka ile, aliipa kompyuta mofolojia ya Kiswahili kabla intaneti haijafika kwa wengi wa wasemaji wake.

Tuje sasa kwenye sentensi, na kwenye maghala.

Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala Kizota, na mahindi ndani yake hupangwa kwa magunia, moja juu ya jingine. Anayetaka gunia la chini hana njia nyingine isipokuwa kuyashusha ya juu kwanza. Lililopandishwa mwisho ndilo linaloshuka kwanza. Mtunza ghala halipendi jambo hili, maana kanuni ya hifadhi yataka nafaka ya zamani itoke mapema, lakini kwa mtu wa nadharia rundo hili ni kifaa cha thamani. Ipe otomata rundo ambalo linaweza kukua bila kikomo, na ambalo inaona gunia lake la juu tu, na nguvu zake zinaruka ngazi nzima.

Soma sentensi hii taratibu: "Gunia ambalo mashine ambayo fundi aliitengeneza ililishona limepasuka." Si sentensi nzuri, lakini ni ya Kiswahili, kila kiambishi kiko mahali pake. Nomino zinaingia kwa mpangilio wa gunia, mashine, fundi. Vitenzi vinakuja kinyume: "a" ya fundi, "i" ya mashine, "li" ya gunia. Kila nomino ilipofika ililazwa juu ya iliyotangulia, ikisubiri kitenzi chake, na vitenzi vilipoanza kuja vikaichukua ya juu kwanza. Ngeli zetu zinafanya jambo hili lionekane wazi kuliko Kiingereza, kwa sababu kila kitenzi kimevaa alama ya nomino kinayoidai.

Je, ile otomata isiyo na rundo haiwezi kujipenyeza hapa pia? Tuseme ina hali kumi. Isomee nomino kumi na moja zilizofuatana hivyo. Baada ya kila nomino lazima iwe katika hali fulani, na hali ni kumi tu, kwa hiyo kuna mara mbili ilipokuwa katika hali ile ile. Tuseme baada ya nomino ya tatu na baada ya ya nane. Kuanzia hapo haijui tena kama inadaiwa vitenzi vitatu au vinane. Ikikubali vinane baada ya nomino nane, itakubali vinane hivyo hivyo baada ya tatu, na hapo imekosea. Ukiipa hali elfu moja, nitaleta nomino elfu moja na moja. Hoja hii ni fupi, nayo haina pa kutokea.

Noam Chomsky aliitumia hoja ya jamii hii mwaka 1956, na tena mwaka 1957 katika kitabu chake kidogo cha Syntactic Structures, kusema kwamba Kiingereza hakiwezi kuelezwa na otomata yenye hali zenye ukomo. Alipanga sarufi kwa ngazi nne, na ngazi inayolingana na otomata yenye rundo ndiyo ile ambayo wanafunzi wetu wa isimu huikuta katika sarufi miundo virai: S (sentensi) huzaa KN (kikundi nomino) na KT (kikundi tenzi), KN huzaa N (nomino) na kishazi, na kadhalika. Miaka michache baadaye John Backus na Peter Naur walitumia maandishi ya aina hiyo hiyo kueleza lugha ya programu iitwayo ALGOL 60. Tangu hapo kompaila, yaani programu inayotafsiri maandishi ya mwandika programu kwa ajili ya mashine, hukagua mabano yaliyofunguliwa na kufungwa kwa kutumia rundo. Kijana anayelalamikiwa na kompyuta kuwa amesahau kufunga bano amekamatwa na gunia lililobaki juu ya rundo.

Lakini rudi kwenye ile sentensi ya gunia na fundi. Kwa nini inachosha? Kwa sababu kichwa cha binadamu kinabeba rundo fupi, na magunia matatu tayari ni mzigo. Sarufi ya Kiswahili inaonekana kulifahamu hilo. Tukitumia O-rejeshi badala ya "amba-", Kiswahili hakituruhusu kusema "gunia mashine ililolishona". Kinatulazimisha kumpeleka mtenda nyuma ya kitenzi: "gunia ililolishona mashine". Endelea hivyo na upate: "Limepasuka gunia ililolishona mashine aliyoitengeneza fundi." Hakuna kinachosubiri. Kila kirejeshi kinamshika jirani wake wa kushoto: "lo" inashika gunia, "yo" inashika mashine. Mnyororo huu unaweza kurefushwa hadi kesho, na mtambo maskini wa hali chache ukausoma bila rundo lolote.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaofundisha habari hii kana kwamba rundo ndilo utukufu wa lugha ya binadamu na ngazi ya chini ni ya namba za magari. Ni kweli "amba-" ipo, na kwa hiyo Kiswahili kwa ukamilifu wake kimeivuka ngazi ya chini. Ila msemaji akiachwa achague, huteremka. Ile kanuni ya kumrudisha mtenda nyuma, ambayo vitabu vya sarufi huitaja kwa mstari mmoja kama desturi ya mpangilio wa maneno, naiona kama njia ya lugha kupunguza madeni ya kumbukumbu.

Ngeli hupunguza na utata. "Kiti cha mwalimu kilichovunjika" kina usomaji mmoja. "Mtoto wa mwalimu aliyefukuzwa" ana usomaji wa namna mbili, kwa kuwa mtoto na mwalimu wote ni wa "ye", na hapo hata mkuu wa shule atauliza ni nani aliyefukuzwa. Mtu angependa programu inayosoma sarufi yoyote ya miundo virai na kusema kama ina utata au haina. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilithibitishwa kuwa programu hiyo haiwezekani kuandikwa. Si kwamba ni ngumu. Haiwezekani, kwa sababu za ukoo mmoja na zile Alan Turing alizozitoa mwaka 1936 kuhusu mitambo yenye kumbukumbu isiyo na mipaka.

Kuna kitu rundo nalo haliwezi: kunakili. Afrika ndiyo iliyotoa mfano mzuri wa hili. Katika Kibambara cha Mali, "wulu" ni mbwa, na "wulu o wulu" ni mbwa yeyote. Nomino hurudiwa nzima, na nomino zenyewe zinaweza kurefushwa kwa kuambatanisha: mtafuta mbwa, mtazama watafuta mbwa, na kuendelea. Mwaka 1985 Christopher Culy alionyesha kuwa msamiati huo umeivuka ngazi ya otomata yenye rundo. Mwaka huo huo Stuart Shieber alionyesha jambo la jamii hiyo katika sentensi za Kijerumani cha Uswisi. Kunakili kunahitaji kitu cha kwanza kuingia kiwe cha kwanza kutoka, yaani si rundo bali kihenge, kinachojazwa juu na kufunguliwa chini. (Mafundi wa vihenge vya chuma watasema punje hazitoki kwa nidhamu hiyo, nami nawaachia.) La ajabu ni kwamba ukiipa otomata kihenge badala ya rundo, hairuki ngazi moja tu, inapata nguvu zote za mashine ya Turing. Kiswahili chenyewe kina "polepole" na "katakata", lakini hizo ni mizizi iliyo kwenye kamusi, mchoro unaweza kuziorodhesha. Kinachokaribia kihenge ni mtindo wa waandishi wa habari wa kutaja vitu vitatu, kisha sifa zao tatu, halafu kumalizia na "mtawalia". Hoja ya aina hiyo iliwahi kutolewa kwa Kiingereza ikapingwa, na sioni kama Kiswahili kitaiokoa.

Nimekaa sana kwenye Kiswahili, na Kizota iko Ugogoni. Chigogo kina wasemaji zaidi ya milioni moja. Kina ngeli, kina viambishi, kina vinyambuo kama ndugu zake wa Kibantu. Kina kamusi, aliyoiandaa Josephat Rugemalira na kutolewa na Mradi wa Lugha za Tanzania mwaka 2009. Kinachokosa ni bahari ya maandishi kwenye intaneti, na mifumo mikubwa ya lugha inayovuma leo hula maandishi kwa mabilioni ya maneno. Kusubiri Chigogo kipate maandishi mengi kiasi hicho ndipo kiingie kwenye kompyuta ni kusubiri kisichokuja. Njia ya Hurskainen haihitaji bahari hiyo. Inahitaji msemaji hodari, sarufi iliyopangwa, na mchoro wa hali na mishale. Zana za kuuchora, kama foma na HFST, zinapatikana bure.

Upande mwingine wa jiji hili kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichofunguliwa mwaka 2007, chenye wanafunzi wa isimu na wanafunzi wa kompyuta ndani ya uzio mmoja. Ninyi mnaosoma kitabu hiki mkiwa huko, kaeni wawili wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, mkamtafute mzee anayekisema Chigogo vizuri. Chukueni kitenzi kimoja, kikanusheni kwa nyakati zote, mchore mnachosikia. Kichambuzi kizima cha Chigogo kinaanzia kwenye kitenzi hicho, na si lazima kitoke Helsinki.